Kufunga Safari na Kufunga Jaa: Historia ya Maneno Machache ya Njia ya Kati

Msafiri wa gari moshi la Reli ya Kati atokaye Dodoma kwenda Tabora, akishaipita Itigi huingia katika pori refu ambalo wasafiri wa karne ya 19 walilijua kwa jina la Mgunda Mkali. Pori hilo likianza kupungua na mashamba kuonekana, gari moshi husimama Goweko, stesheni ndogo ya Wilaya ya Uyui, kabla ya kuendelea Igalula na hatimaye Tabora mjini. Goweko haitajwi sana katika vitabu vya historia. Hata hivyo nimeichagua iwe mahali pa kuanzia makala haya, kwa kuwa eneo lile limeshuhudia mapito ya aina tatu: misafara ya wapagazi, reli iliyojengwa wakati wa Wajerumani, na sasa reli ya kisasa ambayo mkataba wa kipande chake cha kutoka Makutupora hadi Tabora, kilometa 368, ulitiwa saini Desemba 2021. Kila mapito yalikuja na msamiati wake, na kila yalipobadilika yaliacha nyuma mahali palipokuwa pakitumika na sasa hapatumiki tena.

Swali la makala haya ni hili: lugha yetu huviitaje vitu vilivyokwisha kutumika? Twayo maneno mengi ya kuanzisha kituo, kambi, soko au jaa la taka. Maneno ya kueleza yanayofuata baada ya kituo kuhamishwa au jaa kujaa ni machache, na hayo machache yanachanganywa. Uchache huo, kama nitakavyojaribu kuonyesha, umewahi kuwagharimu wananchi afya yao na serikali fedha zake.

Nalikumbana na swali hili kazini. Nilipewa kutafsiri mwongozo kuhusu majaa ya taka ya miji, nami nikaandika pasipo wasiwasi wowote: "jaa lililofungwa". Rasimu ilipopelekwa kwa wasomaji wa majaribio, bwana afya wa halmashauri moja aliirudisha akiwa ameandika pembeni swali fupi: "Tukishalifunga, bado tuna kazi gani?" Mwongozo mzima ulikuwa umeandikwa ili kulijibu swali hilo, lakini neno langu lilikuwa limeufunga mlango kabla msomaji hajaingia. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikifuatilia kitenzi kufunga, na njia ya kukifuatilia imenirudisha katika historia ya misafara.

Msamiati wa Njia ya Misafara

Njia ya kati ya misafara ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikavuka Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake, kisha ikaendelea hadi Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Burton alifika Tabora mwaka 1857, na Stanley alifika mwaka 1871 akakaa Kwihara, ambako tembe linalotunzwa kama makumbusho lingaliko. Wote wawili wanaitaja Tura, Rubuga na Kigwa kuwa vituo vya njia hiyo katika kuikaribia Unyanyembe. Tura na Kigwa ni majina ya kata za Uyui hata leo, sawa na Goweko.

Njia hiyo iliipa lugha ya Kiswahili maneno ambayo mtumishi wa leo anayatumia kila siku bila kujua yalikotoka. Mpagazi ni mtu aliyepagazwa mzigo. Kirangozi alikuwa mtangulizi wa msafara, ajuaye njia na maji. Mnyapara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi, na katika Unyamwezi neno hilo lilikuwa na heshima ya uzee na uongozi. Baadaye, katika mashamba makubwa na magerezani, likawa jina la msimamizi anayechungwa kwa jicho la hofu. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi, au kitambaa cha kununulia chakula hicho njiani, nayo leo ni malipo ya mtumishi aliye safarini au mkutanoni. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara uliwalipa watemi, hasa wa Ugogo, ili upate kupita na kuchota maji. Yalikuwa malipo ya wazi, yaliyojadiliwa mchana mbele ya watu. Leo hongo ni rushwa, hutolewa kwa siri, na mtoaji na mpokeaji wote hushtakiwa.

Mabadiliko haya yana somo kwa watafsiri. Neno hukaa na maana yake maadamu chombo kilichokuwa kikilisimamia kingali hai. Watemi wa njiani walipoondolewa mamlaka yao ya kutoza, hongo ilibaki bila mwenyewe, ikachukuliwa na maana nyingine. Istilahi isiyokuwa na chombo wala sheria ya kuilinda huhama, tena aghalabu huhama kuelekea upande ulio mwepesi.

Katika msamiati huo ndimo tunamokikuta kitenzi chetu. Mswahili husema amefunga safari, akimaanisha kwamba ameondoka. Mgeni anayejifunza lugha yetu hushangaa, kwani amekwisha kufundishwa kwamba kufunga ni kinyume cha kufungua, na kwamba duka lililofungwa halina biashara tena. Mshangao huo huisha akikumbuka asubuhi ya kambini: mizigo ya vitambaa, shanga, nyaya na vyakula ilifungwa kwa kamba, ikapimwa mabegani, ndipo watu wakaondoka. Aliyekwisha kufunga ndiye aliyekuwa tayari kuanza mwendo wa siku nzima. Vivyo hivyo tunasema kufunga ndoa, na hakuna mzee yeyote awezaye kumwambia bwana arusi kwamba akishafunga amemaliza kazi.

Kwa hiyo kufunga kuna matawi mawili. Tawi la kwanza ni la kukomesha: kufunga duka, kufunga mkutano, kufunga hesabu. Tawi la pili ni la kujifunga na wajibu: kufunga safari, kufunga ndoa, kufunga mkataba. Sikio la msomaji huchagua tawi kwa kuangalia jina linalokifuata kitenzi. Jina likiwa la mahali, kama duka, ofisi, shule au barabara, msomaji huchagua tawi la kwanza papo hapo. Jaa ni mahali. Hapo ndipo mtego ulipo.

Kutoka Kambi hadi Stesheni

Mahali msafara ulipolala paliitwa kambi, na kuondoka kuliitwa kuvunja kambi. Kambi ya msafara mkubwa ilikuwa mji wa usiku mmoja, ikiwa na moto, mifupa, majivu na uchafu wa mamia ya watu, wote wakitumia kisima kimoja. Magonjwa yalisafiri na watu hao. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alitoa mwaka 1876 kitabu kuhusu mikurupuko ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kufuata ugonjwa huo katika njia za misafara. Kiongozi wa msafara hakuona kwamba alikuwa na deni lolote kwa mahali alipolala. Alivunja kambi akaenda zake, na aliyekuja nyuma yake ndiye aliyeyakuta maji.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa mbali katika njia hiyo ulipoteza nafasi yake. Msamiati ukabadilika. Badala ya kambi tukapata stesheni, na gari la moshi likachukua mizigo iliyokuwa ikibebwa mabegani. Kuna tofauti moja kati ya kambi na stesheni ambayo ni muhimu kwa hoja yetu: kambi ilihama, stesheni haikuhama. Watu wakajenga kandokando yake, soko likaja, na uchafu wa watu hao ukabaki palepale mwaka hata mwaka. Mji mdogo wa reli ulihitaji jaa lake, na jaa hilo lilihitaji mtu wa kuliangalia.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba kitenzi cha upagazi hakikufa. Mchukuzi ni mtu abebaye mizigo. Uchukuzi ni kazi yake. Na leo uchukuzi ni jina la wizara nzima ya serikali, yenye reli, bandari na ndege ndani yake. Hapa lugha ilifanya kazi nzuri: ilichukua neno la mtu mnyonge kabisa wa njiani ikalipa mamlaka na mipaka. Jaa halikupata bahati hiyo.

Jaa, Ghuba na Dampo

Jaa ni neno la zamani. Kamusi za karne ya 19 zinalo, na Kamusi Sanifu ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 inalieleza kuwa mahali pa kutupia taka. Pamoja nalo kuna jalala. Maneno haya yalitosheleza mahitaji ya nyumba na mtaa, pale taka zilipokuwa majivu, maganda na mavumbi ambayo mvua chache ziliyageuza kuwa udongo. Shamba lililolimwa juu ya jaa la zamani lilisifiwa kwa rutuba yake. Katika hali hiyo hapakuwa na haja ya neno la "baada ya jaa". Jaa lilijimaliza lenyewe.

Mji wa sasa una taka za aina nyingine, na wingi wake ni mwingine. Manispaa zimetuletea ghuba la taka, yaani mahali pa mtaa pa kukusanyia taka kabla hazijachukuliwa na gari. Wananchi nao wametwaa dampo kutoka Kiingereza, wakalipa wingi wa madampo, na hivi leo ndilo neno linalosikika zaidi katika vikao vya madiwani. Mimi si mpinzani wa dampo. Neno lililokwisha kupata ngeli na wingi limekwisha kuwa la kwetu. Tatizo ni kwamba jaa, jalala, ghuba na dampo hutumiwa hobelahobela katika hati moja, kiasi kwamba msomaji hajui kama anaambiwa habari za pipa la mtaani au za bonde zima lililojazwa taka kwa miaka 10.

Chini ya jaa kubwa mambo hayaishi magari yakiacha kuja. Taka zilizofunikwa huendelea kuoza kwa miaka mingi. Katika kuoza kwake zikiwa zimekosa hewa hutoa gesi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, ambayo huwaka na ikikusanyika katika chumba kilichofungwa yaweza kulipuka. Mvua inayopenya ndani huchujika kupitia taka na kutoka chini ikiwa maji meusi yenye sumu, yanayoelekea kisimani au mtoni. Ardhi yenyewe hutitia, mahali hapa zaidi na mahali pale kidogo, hata nyumba au barabara iliyojengwa juu yake hupasuka. Kwa sababu hizi jaa lililofungwa sawasawa hufunikwa kwa udongo usiopitisha maji, huchimbiwa mifereji, huwekewa mabomba ya gesi, na hupimwa kwa miaka kadhaa. Kufunga jaa, kwa maana hiyo, ni kufunga safari.

Upande wa Pili wa Reli

Mfano ulio wazi zaidi katika nchi yetu unapatikana mwisho mwingine wa reli ile ile ipitayo Goweko, yaani Dar es Salaam. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 katika Mahakama Kuu, wakidai kwamba jaa lililokuwa katika eneo lao lilikuwa likiwadhuru kwa moshi, harufu na nzi. Mahakama iliamuru utupaji ukomeshwe. Halmashauri ikaomba kuongezewa muda, tena na tena. Katika uamuzi wa mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa, akaonyesha mshangao wake kwamba mamlaka ya umma imekuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira ya watu, na akaihusisha haki ya wakazi hao na ibara ya Katiba inayolinda uhai. Kesi hiyo inakumbukwa kuwa ya mwanzo katika kuiunganisha haki ya kuishi na haki ya mazingira safi katika nchi yetu.

Tuitazame amri hiyo kwa jicho la istilahi. Mahakama iliamuru kusitishwa kwa utupaji, kama wakazi walivyoomba. Mzozo wote ulihusu magari ya taka yaende wapi kesho. Kutoka Tabata taka zilielekezwa Vingunguti, nako kukafungwa mwaka 2001 baada ya malalamiko ya wakazi; kutoka Vingunguti zikaenda Mtoni; na kutoka Mtoni zikaenda Pugu Kinyamwezi, nje zaidi ya mji. Kila mara neno lililotangazwa lilikuwa moja: jaa limefungwa. Mbinu iliyotumika, ukiitazama vizuri, ni ile ya msafara: kuvunja kambi na kwenda mbele.

Mtoni peke yake ndiko kulikopatikana neno la ziada. Mwaka 2007 mradi wa kunasa gesi ya jaa la Mtoni uliandikishwa katika utaratibu wa Itifaki ya Kyoto, ili gesi inaswe na kuchomwa badala ya kuachwa ipande angani. Mradi wa namna hiyo usingekuwa na maana kama jaa lililofungwa lingekuwa jambo lililokwisha. Gesi yenyewe ndiyo ushahidi kwamba halikwisha.

Nani Arithiye Jaa?

Sasa tuje kwa serikali za mitaa, kwani hapo ndipo neno linapogeuka kuwa wajibu wa mtu. Halmashauri za wilaya ziliondolewa katika mpango wa Madaraka Mikoani mwaka 1972, na za miji zikafuata. Huduma za miji, pamoja na uzoaji wa taka, zilizorota, kipindupindu kikaingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 sheria ilipitishwa kuzirudisha halmashauri za miji. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha serikali za mitaa kwa jumla, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitwisha mamlaka hizo jukumu la taka ngumu katika maeneo yao.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Wilaya zimegawanywa na kupewa majina mapya. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyoshtakiwa na wakazi wa Tabata, ilivunjwa mwaka 1996 na Tume ikashika nafasi yake hadi mwaka 2000, ikarudishwa, kisha ikavunjwa tena Februari 2021, na hadhi ya jiji ikapewa iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Jaa huchukua miongo kadhaa kutulia. Halmashauri, kama historia inavyoonyesha, yaweza isidumu miongo miwili katika umbo moja. Chombo kilicholianzisha jaa na chombo kitakachokuwapo siku ya kulipima mara nyingi si kimoja. Karatasi ya makabidhiano ikiwa imeandikwa "jaa limefungwa", chombo kipya hakirithi kitu. Ikiwa imeandikwa "jaa lililo katika utunzaji", kinarithi kazi, fungu la fedha na jina la mtu wa kuulizwa.

Mipango ya Usafiri na Ardhi Iliyosahauliwa

Kuna mahali pa pili ambapo neno hili hutudhuru, napo ni katika mipango ya usafiri. Stendi kuu za mabasi, kama majaa, husukumwa nje ya mji kadiri mji unavyokua. Stendi ya Ubungo, iliyokuwa ukingoni mwa Dar es Salaam ilipojengwa, ilikuwa imekwisha kumezwa na mji ilipofungwa mwaka 2021 na huduma zake kuhamishiwa Mbezi Luis. Hapo kufunga kulitumika kwa haki, kwani stendi iliyofungwa huwa kiwanja, na kiwanja hujengwa. Lakini mpangaji anayesoma "stendi iliyofungwa" na "jaa lililofungwa" katika orodha moja ya ardhi ya umma atadhani kwamba vyote viwili ni viwanja vilivyo wazi. Kwa kuwa jaa la zamani aghalabu ni ardhi pana, tambarare juu, isiyo na nyumba na iliyo karibu na barabara ya magari makubwa, litamvutia zaidi kuliko kiwanja kingine chochote.

Kwamba ardhi haimsamehe mpangaji asiyeiuliza historia yake, tumekwisha kuona. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ya Jangwani ilijengwa katika bonde la Mto Msimbazi, na tangu huduma hiyo ilipoanza Mei 2016 imefurika mara kadhaa. Mafuriko huonekana na kila mtu. Gesi na kutitia kwa ardhi havionekani mpaka jengo limekwisha kusimama.

Katika mkoa kama Tabora shida huzidi kwa sababu mamlaka ni nyingi. Jaa ni la halmashauri. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za wilaya ni za TARURA tangu mwaka 2017, reli ni ya Shirika la Reli, na leseni za mabasi hutolewa na LATRA. Sekretarieti ya mkoa, kwa mujibu wa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, ina kazi ya kushauri na kuratibu. Vyombo hivi vyote hukutana mezani kwa njia ya karatasi, na karatasi ni maneno. Kila chombo kikiwa na maana yake ya kufunga, mpango wa mkoa unakuwa makubaliano ya watu wasiosikilizana.

Hapo turudi Goweko na pori lake. Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora umelirudisha katika Mgunda Mkali neno la kale kabisa, yaani kambi. Mjenzi wa reli huweka kambi, huwa na mashimo ya kokoto, karakana, mafuta machafu na taka za watu wengi, na kazi ikiisha huondoka. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zinataka mwenye mradi aeleze tangu mwanzo jinsi atakavyouhitimisha. Katika Kiswahili cha ofisini jambo hilo huitwa "ufungaji wa mradi". Mwenyekiti wa kijiji akiulizwa kama mradi umefungwa, atatazama kama magari yameondoka, naye atajibu kwa uaminifu kwamba ndiyo. Tutakuwa tumemfundisha kwa lugha yetu kuihesabu kambi iliyovunjwa kuwa kambi iliyosafishwa.

Mapendekezo

Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Jambo tulilolidai kwa miaka mingi limetufikia, nalo limekuja na mzigo wake: neno tutakaloandika katika tafsiri ya sheria halitakuwa tena maelezo ya pembeni, litakuwa sheria yenyewe. Kwa ajili hiyo napendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe na wasomaji kabla hazijapelekwa katika kamati ya kusanifu.

(a) Jaa: mahali maalumu ambapo mamlaka ya serikali ya mitaa huweka taka ngumu kwa kudumu. Dampo likubaliwe kuwa kisawe chake katika mazungumzo na matangazo, lakini hati moja itumie neno moja.

(b) Ghuba: mahali pa muda pa kukusanyia taka za mtaa. Lisitumike kwa maana ya jaa.

(c) Kusitisha utupaji: kuzuia taka zisiletwe tena. Hili ndilo tendo la siku moja, liwezalo kufanywa kwa amri ya mahakama au tangazo la mkurugenzi.

(d) Jaa lililoachwa: jaa ambalo utupaji umesitishwa, lakini halijafunikwa, halijachimbiwa mifereji wala kupimwa. Majaa mengi tunayoyaita "yaliyofungwa" ni ya aina hii, nasi tuyaite kwa jina lake.

(e) Ufungaji wa jaa: kazi yote ya kufunika, kuelekeza maji na kutoa gesi, yenye mpango, bajeti na tarehe.

(f) Jaa lililo katika utunzaji: jaa lililokwisha kufungwa na linaloendelea kupimwa. Hati yoyote inayolitaja itaje pia mamlaka inayolitunza.

(g) Mvujo wa jaa: maji machafu yachujikayo kutoka katika taka. Gesi ya jaa: gesi itokanayo na kuoza kwa taka hizo.

(h) Kuliachilia jaa: kutangaza rasmi, baada ya vipimo, kwamba ardhi yake yaweza kutumika, na kwa matumizi gani. Kabla ya tangazo hilo, mpango wowote wa usafiri au makazi uihesabu ardhi hiyo kuwa yenye shughuli.

Baadhi ya watumishi watasema kwamba maneno tisa kwa jambo moja ni mengi, na kwamba mwananchi wa kawaida anaelewa "dampo limefungwa". Nakubali kwamba anaelewa. Anaelewa kwamba anaweza kujenga hapo. Wajibu wetu ni kumpa lugha itakayomwonya kabla hajachimba msingi, na itakayompa diwani wake swali la kuuliza katika kikao cha bajeti: je, jaa letu limeachwa, limefungwa, au lipo katika utunzaji, na ni nani anayelitunza?

Walimu wanaweza kutusaidia kwa kulifanya somo la kitenzi kufunga kuwa somo la uraia pia. Watafsiri wanaweza kutusaidia kwa kutuletea mifano ya hati walizokutana nazo, ambamo neno hili limeleta utata. Watumishi wa halmashauri, hasa mabwana na mabibi afya, ndio wenye ujuzi ambao sisi wa maofisini hatuna: wao wanajua watu wa Uyui, Nzega au Kahama wanaviitaje vitu hivi katika mazungumzo ya kila siku. Ikiwa Kinyamwezi au Kisukuma kina neno la ardhi iliyopumzishwa, ambayo bado ina mwenyewe na bado inaangaliwa, basi huenda hilo likatufaa kuliko haya niliyoyapendekeza mimi. Lugha yetu ilikopa maneno ya njia hiyo hapo zamani na haikujuta.

Mpagazi wa Goweko aliyeambiwa "tumefunga" alijua kwamba mzigo ungali kichwani pake na mwendo ndio kwanza unaanza. Maana hiyo imo katika Kiswahili tangu zamani. Kazi iliyobaki ni kuiandika katika sheria.